Sumu ya Vikuge

Huko Vikuge, upande wa Kibaha, jirani ya Bagamoyo, palikuwa na shamba la serikali. Mwaka 1986 zililetwa hapo dawa za kuua wadudu, yapata tani 170, zawadi ya Uyunani; nyingine zilikuwa zimekwisha muda wake. (Apewaye zawadi namna hii, na aikague kwanza!) Zikawekwa bandani pasipo kuta, banda likaanguka, mvua ikazinyea.

Baadaye mabaki yaliondolewa. Lakini wataalamu walipoupima udongo, walitangaza mwaka 2004 ya kuwa DDT ingali nyingi mno. Maana haiyeyuki majini upesi, bali hushikamana na udongo na mafuta; hivyo ng'ombe alishaye mahali kama hapo huitia katika maziwa anyweshwayo mtoto.