Mwarobaini na Mimba Changa

Katika kisiwa cha Mombasa mtu hafungi safari kutafuta mwarobaini. Uko uani na kando ya barabara, tangu Kizingo hadi Mji wa Kale. Ulifika pwani na watu waliotoka India katika karne ya 19, na jina lake lenyewe linadai kuponya maradhi arobaini. Mtoto akiota vipele akaogeshwa kwa majani yake, hatuna neno.

Lakini katika nyumba nyingine maji hayo machungu hupewa mke anayechelewa kupata mtoto, ili “asafishe kizazi”. Shangazi au mama mkwe huyaleta kwa upendo, mke hunywa kwa heshima, na mume hasemi kitu. Hapo tunaomba mtusikilize vizuri, maana huenda dawa hiyo ndiyo inayomzuia mtoto anayetafutwa.

Kiumbe mchanga akishajishikiza katika mji wa mimba, huanza kutoa homoni, ile ile inayopimwa katika mkojo ili kujua kama mama ana mimba. Homoni hiyo huiamuru ovari iendelee kutoa projesteroni, nayo projesteroni hushikilia utando wa mji wa mimba usitoke kama hedhi. Mwaka 1996 watafiti wa New Delhi, India, walitoa taarifa ya nyani na kima wenye mimba changa walionyweshwa dondoo la mbegu za mwarobaini kwa siku 6. Homoni zote mbili zilishuka, na mimba zikatoka.

Kweli, lile lilikuwa dondoo lililosafishwa na kupimwa, si majani ya jikoni. Kwa hiyo mama aliyewahi kupoteza mimba asianze kujihukumu kwa kikombe alichokunywa. Ila birika la nyumbani halina kipimo, na wengine huchanganya majani, magome na mbegu humo humo.

Nanyi akina baba msikae pembeni. Mwaka 1984 watafiti wa India walionyesha kwamba manii yakikutana na mafuta ya mwarobaini katika maabara, huacha kutembea ndani ya nusu dakika.

Wapo watakaosema: basi tumepata njia rahisi ya kupanga uzazi. La! Kinachotoka hapo ni uhai uliokwisha anza. Wanaotaka kuachanisha watoto wajifunze pamoja dalili za ute na siku za rutuba.

Na homa je? Malaria yenyewe ni adui mkubwa wa mimba, hivyo kumwaga kikombe bila kwenda hospitali si busara. Mama apimwe damu, apewe dawa inayofaa umri wa mimba yake, alale ndani ya chandarua chenye dawa. Kuanzia mwezi wa nne, kliniki za pwani kwa kawaida humpa vidonge vya SP vya kumkinga.

Hedhi ikichelewa hata siku chache, wekeni mwarobaini kando. Mkifika kliniki, mwambieni muuguzi kila kilichonywewa: majani au magome, vikombe vingapi, kwa siku ngapi. Mume aende pia. Mara nyingine yeye ndiye anayekumbuka birika lilibandikwa lini.