Mafunzo Niliyopata Nikilinda Simu na Kompyuta Nandagala

Natengeneza kompyuta na kuunganisha intaneti Nandagala na vijiji vya jirani, mara nyingine hadi Nachingwea mjini. Ukitaja wadukuzi, wengi hufikiria benki kubwa za Dar es Salaam. Ninachokiona huku ni wizi unaofuata msimu: ufuta ukianza kulipwa katikati ya mwaka, na korosho kuanzia Oktoba, meseji za matapeli humiminika.

1. Tapeli anategemea haraka yako.

"Ile hela itume kwenye namba hii." Meseji hii hutumwa kwa watu wengi bila mtumaji kumjua hata mmoja. Inamnasa yule ambaye kweli alikuwa anajiandaa kutuma hela, na wiki ambayo vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) vinalipa, watu wa namna hiyo ni wengi. Kinga yake ni rahisi: usijibu meseji, mpigie mhusika kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, na kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalotokea. Vivyo hivyo kwa anayepiga akidai ni mwalimu na mtoto wako ameanguka shuleni. Nyumba ninazozihudumia nimezishauri ziandike namba ya mwalimu mkuu kwenye karatasi na kuibandika ukutani, kwa sababu mzazi aliyeshtuka hakumbuki kutafuta.

2. Namba ya siri ya mzee ni yake mwenyewe.

Hili linaniuma kuliko yote. Mama mtu mzima anafika kwa wakala na kumpa simu kijana: "Mwanangu, nitolee elfu ishirini, namba ya siri si unaijua." Anaijua wakala, anaijua mjukuu, na jirani aliyesimama nyuma ameisikia. Tunasema wazee hawawezi kujifunza, lakini mimi nimeona wakiweza. Kwenye kitochi, kitufe cha 5 kina kinundu unachokihisi kwa kidole. Ukimwelekeza mama aanzie hapo, apande, ashuke, aende kulia, namba inakuwa mwendo wa kidole, hata kama hasomi. Inahitaji subira ya alasiri moja na simu iliyozimwa ya kufanyia mazoezi.

Namba yenyewe isiwe mwaka wa kuzaliwa. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo mwenye nakala ya kitambulisho chako ameshapata pa kuanzia kubahatisha.

3. Steshenari ndiyo ofisi ya kijiji, na kompyuta yake haisahau.

Nikifungua kompyuta ya steshenari kuisafisha virusi, folda ya mafaili yaliyopakuliwa huwa imejaa vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, barua za maombi ya kazi na fomu za mikopo, vyote vya watu waliokwisha kulipia kopi zao na kuondoka. Anayekaa kwenye kiti kile anaviona. Muombe mhudumu afute faili lako mbele yako, kisha alifute tena kwenye pipa la taka la kompyuta. Kama ulifungua WhatsApp kwenye skrini ile, tazama kwenye simu yako sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, ukiondoe usichokitambua. Mara kwa mara piga *106# ujue ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Laini usiyoijua inaweza kutumika kutapeli watu kwa jina lako.

4. Orodha ya wakulima si tangazo.

Jina, namba ya simu, akaunti ya benki na kilo alizopeleka ghalani: tapeli akiwa na mistari hiyo minne anaweza kumpigia mkulima na kuongea kama karani halisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kwa karani wa AMCOS maana yake ni kwamba faili lina neno la siri, halitumwi kwenye kundi la WhatsApp, na flashi yenye orodha hiyo haiazimwi kwa ajili ya kuwekea nyimbo.

5. Ruta ina neno la siri la kiwandani. Libadilishe siku ileile inapofungwa.

Mwaka 2016 programu haramu iliyoitwa Mirai iliteka ruta na kamera nyingi duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, yapatayo 60. Na ofisini, wageni wawe na waifai yao tofauti, ili wasiingie kwenye mtandao wa kazi.

6. Bando lisikunyime masasisho.

Watu huzima masasisho ya kompyuta kwa sababu yanakula bando, na siwalaumu. Lakini Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150, na sasisho la kukikinga lilikuwa limetolewa tangu Machi. Masasisho yapakue kwa bando la usiku. Mafaili ya kazi yawe na nakala kwenye diski ya nje, na ukimaliza kunakili ichomoe, maana kirusi cha namna ile hufunga pia kile kilichochomekwa.

7. Ukitapeliwa, dakika za mwanzo zina thamani.

Piga 100, huduma kwa wateja wa mtandao wako, uombe muamala uzuiwe kabla hela haijatolewa. Meseji ya tapeli itume kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ya kupokea taarifa hizi. Kisha nenda polisi meseji zikiwa bado ndani ya simu. Wengi huzifuta kwa hasira au kwa aibu, na ushahidi ni hizo hizo.