SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: KILO ZA MWANACHAMA KATIKA SIMU YA KARANI



Chama kinapoamua kwamba karani wa mizani aandike uzito wa mazao katika simu ya mkononi, kilo za mwanachama huanza safari ndefu. Hutoka mizanini, huingia katika simu, hupita hewani, hupokelewa na seva ya Chama Kikuu, ndipo huandikwa katika leja ya malipo. Kati ya simu na leja hiyo kuna mtumishi asiyeonekana, naye huitwa programu ya kati. Somo hili laeleza kazi yake, ili katibu ajue la kuuliza kabla ya kutia sahihi mkataba wa kununua mitambo ya namna hii.

1. Maana ya Muktadha

Programu ya kawaida hujua tu kile ilichoandikiwa. Programu yenye kutambua muktadha hujua zaidi: ni nani anayeitumia, yuko wapi, ni saa ngapi, na kama mtandao upo au umekatika. Fikra hii si ngeni. Mwaka 1992 Roy Want na wenzake, katika maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, walieleza beji ndogo walizovaa wafanyakazi. Kila beji ilitoa ishara kila baada ya sekunde 15 hivi, na kwa njia hiyo mpokea simu alijua mtu yuko chumba gani, akampelekea simu yake huko.

Katika kituo cha kupokelea mazao faida yake ni dhahiri. Karani akifungua simu kituoni, orodha ya wanachama wa kituo hicho hutokea yenyewe, wala hana haja ya kutafuta jina moja kati ya maelfu.

2. Kugawana Kazi

Mwaka 1999 Daniel Salber, Anind Dey na Gregory Abowd, wa chuo cha Georgia Tech nchini Marekani, walionyesha namna ya kujenga programu ya kati kwa sehemu zinazojitegemea. Sehemu ya kwanza hupokea habari kutoka katika kifaa. Ya pili hukusanya pamoja habari zote za mtu mmoja au mahali pamoja. Ya tatu hufasiri, yaani hugeuza tarakimu kuwa maana. Kwa mfano, hugeuza vipimo vya ramani kuwa jina la kituo.

Mpango huu wafanana na ofisi iliyopangwa vema. Karani wa mizani haandiki hundi, wala mweka hazina hapimi magunia. Chama kikinunua mizani mpya, sehemu ya kupokea peke yake ndiyo hubadilishwa, leja haiguswi. Pale ambapo kazi zote zimefungwa katika programu moja, badiliko dogo huweza kuvuruga hesabu nzima, na chama hubaki mateka wa fundi mmoja.

3. Ujumbe Uliopotea na Ujumbe Uliorudiwa

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Tuchukue mfano. Mwanachama amepima kilo 38 za kahawa. Karani anatuma, mtandao unakatika, jibu halirudi. Je, uzito umefika au haukufika? Asipotuma tena, huenda mwanachama akapoteza kilo 38. Akituma tena, huenda leja ikaonyesha kilo 76, na upungufu ukaonekana siku ya kuhesabu mazao bohari.

Utaratibu mmoja wa kupeleka ujumbe, uitwao MQTT, ulibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kuchunguza mabomba ya mafuta yaliyo mbali na miji. Una daraja tatu za uhakika: ujumbe kufika mara moja au usifike kabisa, kufika angalau mara moja, hata kama utarudiwa, na kufika mara moja tu. Daraja ya kwanza haifai kwa kilo za mwanachama.

Hata hivyo, daraja ya tatu nayo haitoshi peke yake. Karani akiandika uzito uleule upya, mashine huuona kuwa ni ujumbe mwingine. Dawa yake ni hii: kila upimaji upewe namba yake ya pekee ndani ya simu, kama namba ya stakabadhi iliyopigwa chapa kitabuni, na uhifadhiwe humo hadi seva ikiri kuupokea. Karani atume tena upimaji uleule wenye namba ileile. Seva ikiiona namba hiyo mara ya pili, isiongeze kilo.

4. Saa na Mahali

Saa ya simu huweza kukosea. Kwa hiyo nyakati mbili ziandikwe: wakati wa kupima na wakati wa kupokelewa. Vilevile simu inayotumia setilaiti za GPS mahali peupe huweza kukosea mita chache, na zaidi chini ya miti mingi au karibu na majengo. Ikitegemea minara ya simu peke yake, kosa huweza kufika kilometa nzima au kuzidi. Muktadha basi uwe mshauri, usiwe hakimu. Mwanachama asikataliwe kwa sababu tu simu imedhani yuko kituo kingine.

5. Siri za Watu

Simu inayojua mahali pa karani saa za kazi yaweza pia kumfuata hadi nyumbani. Mahali paandikwe wakati wa kupima tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kamati hazina budi kuzizingatia.

Maswali ya Kujadiliwa katika Kamati

(a) Mtandao ukikatika siku nzima, uzito utahifadhiwa wapi?
(b) Mwanachama atapewa stakabadhi gani ya karatasi papo hapo?
(c) Nani atalinganisha leja ya seva na vitabu vya kituo, na kila baada ya siku ngapi?
(d) Fundi akiondoka, je, chama kitabaki na hesabu zake?