Mpini wa Kisu Usiobanduka: Somo kwa Mafundi wa Jua Kali

Mkulima wa Makueni anayepandikiza miche ya maembe hushika kisu kwa mkono mmoja na mche kwa mwingine. Mpini ukicheza wakati huo, makali huuacha mche na kuingia kidoleni. Hatari ni hiyo hiyo kwa mwenye bucha wa Mwingi anayechuna mbuzi kwa mikono yenye mafuta.

Visu vingi vya mafundi wetu hutengenezwa kwa springi za magari makuukuu, na chuma hicho ni kizuri. Kinachorudisha mteja akilalamika ni mpini. Wahunzi wa zamani walipasha moto mkia wa kisu na kuuchomeka ndani ya mti. Siku hizi wengi hubana mkia katikati ya vibao viwili, kwa ribiti na gundi ya mirija miwili, yaani epoksi. Vibao vikibanduka, gundi hulaumiwa. Mara nyingi haina hatia. Kosa lilifanyika kabla haijafunguliwa.

Epoksi haishiki vizuri chuma kinachong'aa. Kwaruza mkia pande zote mbili kwa msasa mkavu wa namba 60 au 80 hadi mng'ao wote uishe. Toboa vitundu vidogo kadhaa mbali na matundu ya ribiti. Gundi itapita humo na kushikana upande wa pili kama msumari. Kisha pangusa kwa kitambaa safi chenye spiriti. Usitumie petroli wala dizeli, kwani huacha mafuta. Baada ya hapo usiguse kwa kidole. Jasho la kidole kimoja linatosha kuharibu kazi.

Mbao nazo zina tabia zao. Mukau ukiwa umekauka vizuri hauna matata. Mpingo, hata vile vipande vinavyobaki kwa wachongaji, una mafuta yake. Upige msasa, uupanguse kwa spiriti, ungoje ukauke, kisha upake gundi papo hapo. Ukiuacha hadi kesho, mafuta yatakuwa yamepanda tena juu. Mti mbichi usiuguse kabisa: utasinyaa na kujivua wenyewe.

Sasa kuchanganya. Soma lebo. Gundi nyingi za madukani ni kiasi sawa kwa sawa, lakini nyingine ni mbili kwa moja. Wako wanaozidisha hadena wakidhani itakauka upesi. Haiwi hivyo. Hadena iliyozidi haina cha kushikana nacho, na mpini hubaki laini kama mpira. Mimi pia nilifanya hivyo nilipokuwa nikijifunza, nikapoteza visu sita. Koroga dakika mbili nzima ukikwangua pembeni na chini ya kibati.

Joto la mchana wa Kitui lifikirie pia. Joto likipanda nyuzi 10, muda wa kufanya kazi hupungua takribani nusu, kwa hivyo gandisha asubuhi. Changanya kidogo kidogo, kwa kuwa gundi nyingi kwenye kibati kimoja hujipasha moto yenyewe hata kutoa moshi. Na ile ya dakika tano iache kwa kazi ndogo ndogo. Kwa kisu kinachooshwa kila siku, chagua inayokauka polepole.

Bana kwa klampu hadi gundi ichungulie kandoni, kisha uache kukaza. Ukibana kwa nguvu zote, gundi yote hutoka na mbao hubaki zimegusana kavu. Ngoja saa 24 kabla ya kupiga tupa.

Palipobaki mwanya karibu na bapa, chukua unga laini wa mbao ile ile, uuchekeche, uutie kwenye gundi ambayo tayari imechanganywa na hadena, hadi iwe nzito kama uji usiotiririka. Jaza, ngoja, sawazisha kwa msasa. Ujazo huu huziba maji yasiingie, lakini hauokoi kibao kilichokatwa vibaya. Hicho kikate upya.

Linda ngozi yako. Gundi ambayo haijakauka huweza kuleta mzio, na ukishaupata huenda usiondoke tena. Vaa glavu, fanya kazi penye hewa, funika pua unapopiga msasa, na ikikugusa tumia sabuni na maji, si thina.

Unapomkabidhi mteja kisu, mwambie asikichemshe wala kukiacha kwenye maji moto. Epoksi za kawaida huanza kulegea joto likipita nyuzi 60 hivi, na sufuria ya chai hupita hapo kwa mbali.