Unajua Nani Katengeneza Dawa Unayomeza?

 

Alinijia mama mmoja mtu mzima kutoka milimani Uluguru, analalamika kizunguzungu na miguu kuvimba. Kwenye kanga alikuwa amefunga vidonge vya presha vya namna mbili: vyeupe alivyopewa mwezi uliopita, na vya manjano alivyonunua hapa Msamvu akisubiri gari. Akidhani ni dawa mbili, alikuwa anameza zote. Nilipozisoma, zote ni Amlodipine miligramu 10. Dawa moja, viwanda viwili. Masikini alikuwa anameza dozi mara mbili!

Ndugu msomaji, dawa ina majina mawili. Kuna jina asilia, yaani la dawa yenyewe, na jina la biashara ambalo kila kiwanda hujichagulia. Hati miliki ya mgunduzi ikiisha muda wake, viwanda vingine vyenye kibali huruhusiwa kuitengeneza dawa ile ile. Rangi, umbo na boksi vinaweza kubadilika, lakini dawa ni moja. Kwa hiyo ukipewa kidonge kilichobadilika sura, usikikatae wala usikichanganye na cha zamani. Soma kwanza.

Tazama mambo haya:

1. Jina asilia na nguvu yake kwa miligramu.

2. Mtengenezaji. Tafuta maneno "Manufactured by" au "Mfd. by", kisha jina la kiwanda na nchi. Ukiona "Marketed by" au "Distributed by", huyo ni muuzaji au msambazaji tu, si lazima awe ndiye aliyetengeneza.

3. Namba ya toleo, iliyoandikwa "Batch No." au "Lot".

4. Tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda.

Namba ya toleo ina faida gani? Mwezi Aprili 2024 mamlaka ya dawa ya Nigeria ilitangaza kuwa vipimo vyake vimekuta kiwango kikubwa cha sumu iitwayo diethilini glaikoli katika dawa ya kikohozi ya watoto, Benylin Paediatric, toleo namba 329304, iliyotengenezwa Afrika Kusini. Hapa kwetu TMDA, ambayo hadi mwaka 2019 tuliijua kama TFDA, nayo ikatangaza kuiondoa sokoni. Mzazi aliyekuwa na boksi aliweza kulinganisha namba. Aliyekuwa ameshalitupa, angelinganisha nini?

Tatizo kubwa ni vidonge vya kuhesabiwa kutoka kwenye kopo na kutiwa katika bahasha. Jina la kiwanda hubaki kwenye kopo dukani. Usione haya, mwombe muuzaji akuandikie juu ya bahasha jina la dawa, kiwanda, toleo na tarehe ya kuisha. Nunua kwenye famasi au Duka la Dawa Muhimu lenye kibali, udai risiti. Anayetembeza dawa kwenye mabasi, kesho utampata wapi?

Wapo pia wanaouliza kuhusu ganda la kapsuli, kwa kuwa jelatini yaweza kutoka kwa nguruwe au ng'ombe. Mwenye jibu la hakika ni mtengenezaji, nawe huwezi kumuuliza usiyemjua. Lakini usiache dawa kwa wasiwasi. Mwambie tabibu wako, huenda ipo ya kidonge au ya maji.

Sisi tuliosoma madrasa tulifundishwa kuwa hadith haipokelewi hivi hivi, huulizwa sanad yake: nani kapokea kutoka kwa nani. Basi kinachoingia mwilini, ambao ni amana ya Allah, nacho tukiulizie sanad. Na muuzaji akumbuke jinsi Mtume (s.a.w.) alivyomkemea sokoni yule aliyeficha chakula kilicholowa chini ya kikavu.

Leo ukirudi nyumbani, toa dawa za wazee wako, soma majina asilia. Ukikuta mawili yanafanana, usikisie. Zichukue zote umpelekee tabibu akuelekeze.

Wabillahi tawfiq.