Kumwonyesha Mtoto Galaksi ya Msokoto: Beseni, Maziwa na Anga la Lubumbashi

Mwongozo huu ni wa mtoto wa miaka 5 hadi 8. Usiruke hatua. Galaksi ni kundi kubwa la nyota zinazozunguka kitovu kimoja. Galaksi ya msokoto ni ile yenye mikono ya nyota iliyojipinda kukizunguka kitovu hicho. Yetu ni ya aina hiyo: inaitwa Njia ya Maziwa, ina nyota zaidi ya bilioni 100.

Vifaa: beseni jeusi lenye upana wa sm 30, maji lita 3, maziwa ya unga kijiko 1 cha chai, kikombe, mwiko, kifuniko cha plastiki cha chupa, sahani bapa.

1. Chagua usiku usio na mwezi, kati ya mwisho wa Julai na katikati ya Agosti. Moshi wa nyasi zinazochomwa ukitanda, ahirisha.

2. Changanya maziwa na vijiko 4 vya maji kikombeni. Hakikisha hakuna mabonge.

3. Mimina maji yaliyobaki kwenye beseni. Zungusha mwiko katikati ya beseni mara 10, upande mmoja tu. Utoe, kisha hesabu hadi 3.

4. Mimina maziwa kwa mstari mwembamba, kutoka katikati hadi ukingoni. Maji ya katikati humaliza mzunguko mapema kuliko ya pembeni, kwa hiyo mstari unapinda na kuwa mkono. Maziwa yakitawanyika papo hapo, mwaga, rudia hatua ya 2.

5. Sahihisha mfano kabla mtoto hajaukariri. Mkono wa maziwa unayeyuka. Mkono wa galaksi haumaliziki hivyo, kwa sababu ni msongamano. Mkumbushe soko la mtaa wa Kenya, Lubumbashi, mkokoteni unapokwama njiani: watu wanafika, wanabanana, wanapenya, wanaendelea na safari, na wengine wanafika. Msongamano uko palepale, watu si wale wale. Nyota nazo hupita mikononi namna hiyo.

6. Weka kifuniko kielee katikati ya kitovu na ukingo. Hilo ni Jua letu. Huzunguka kitovu mara moja kwa miaka takriban milioni 230.

7. Galaksi yetu ni bapa kama sahani. Inua sahani usawa wa macho ya mtoto, ukingo ukimwelekea. Muulize anaona nini. Jibu sahihi: mstari, si duara.

8. Toka nje saa 3 usiku, mbali na taa. Umeme ukiwa umekatika, bora zaidi. Zima simu, subiri dakika 20.

9. Elekea kusini, tazama juu karibu na utosi. Pale ukanda mweupe wa Njia ya Maziwa ulipopanuka ndipo kilipo kitovu. Mtoto akiuliza mikono iko wapi, rudia hatua ya 7: sisi tumo ndani ya sahani, kwa hiyo tunaiona kama mstari.

Akikuonyesha picha ya Njia ya Maziwa nzima ikiwa duara, mwambie ni mchoro. Hakuna chombo kilichowahi kutoka nje yake na kuipiga picha.