SOMO: MAMA MWENYE MIMBA ASIFUNGE MOYO WAKE



Somo hili ni la wamama wenye mimba, lakini tunaomba wababa wasiruke ukurasa. Mama ndiye anayebeba mimba mwilini; kazi yake ni ya nyumba yote. Tufungue Injili ya Luka, mlango wa 1, kuanzia mstari wa 24.

1. NYUMBA YA ZAKARIA

Elisabeti alipopata mimba katika uzee wake, alijificha miezi mitano. Tunamwelewa. Kwetu pia mama anafunga kikwembe juu ya tumbo ili watu wasijue, kwa kuwa anaogopa macho yao na maneno yao. Lakini angalieni mwezi wa sita. Maria anaingia, anasalimu, na mtoto anaruka tumboni. Elisabeti hanyamazi tena: anabariki kwa sauti kubwa. Maria anakaa naye karibu miezi mitatu. Mmoja alikuwa mzee, mwingine kijana, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kuogopa. Walipokaa pamoja, nyumba ikajaa furaha.

Na Zakaria? Alikuwa bubu kwa kuwa hakusadiki neno la malaika. Wababa wengi wa kwetu hawajakutana na malaika yeyote, na bado ni mabubu miezi tisa. Hawaulizi mke analalaje, hawaweki akiba. Siku ya uchungu ndipo wanaanza kutafuta mkopo.

2. MAMBO MATATU YANAYOFUNGA MOYO

La kwanza ni hofu ya wachawi. Mama anaficha mimba mpaka mwezi wa saba, na CPN anaianza kwa kuchelewa. Lakini upungufu wa damu na ugonjwa wa presha havingoji kuambiwa habari na jirani. Vinamkuta mama palepale alipojificha.

La pili ni desturi ya kuungamisha. Uchungu ukikawia, wazee wanamzunguka mama na kumwambia ataje jina la mwanaume mwingine, ndipo mtoto atatoka. Tulimjua binti mmoja aliyeulizwa hivyo usiku kucha na mchana uliofuata. Hakuwa na jina la kutaja. Alipofikishwa hospitali kwa kipoyi, mtoto alikuwa amekwisha kufa, naye akabaki na fistula, mkojo ukimtoka bila kuweza kuuzuia. Muganga alieleza kwamba kichwa cha mtoto kilishindwa kupita kati ya mifupa ya nyonga. Ilikuwa habari ya mifupa, si ya uzinzi. Dhambi ina wakati wake wa kuungamwa mbele ya Mungu. Kitanda cha kuzalia si kiti cha hukumu.

La tatu ni haya ya kupasuliwa. Wengine wanasema mama aliyepasuliwa alikosa imani. Ndugu, mtoto aliyetolewa kwa kisu cha muganga ni zawadi ya Mungu sawasawa na yule aliyepita njia ya kawaida. Tusimwulize mama alizaa kwa njia gani. Tumwulize kama ameshiba, kisha tushukuru pamoja naye.

3. MAOMBI NA MZALISHAJI NI MIKONO MIWILI

Katika Kanisa letu tunaamini maombi na maono, wala hatuoni haya. Lakini mtu akisema ameona katika maono kwamba mama asiende hospitali, tupime neno hilo, kwa kuwa Yohana katika barua yake ya kwanza, mlango wa 4, anatuagiza kuzijaribu roho. Katika Kutoka mlango wa 1, Shifra na Pua walikuwa wazalishaji, na Mungu aliwatendea mema kwa sababu walilinda uhai wa watoto. Je, Mungu aliyebariki kazi ya wazalishaji atatutuma tuikimbie?

Tusome pia Mwanzo mlango wa 35. Raheli alizaa Benyamini njiani kwa shida kubwa, akafa. Mzalishaji alikuwa karibu naye akimtia moyo asiogope. Maandiko hayasemi Raheli alikosa imani. Basi na sisi tusiwahukumu waliokufa. Tuwalinde walio hai. Uchunguzi wa afya uliofanywa katika nchi yetu mwaka 2013-2014 ulihesabu vifo vya wamama 846 kwa watoto 100.000 waliozaliwa hai. Hao ni dada zetu.

Daktari Denis Mukwege wa Bukavu ni mtoto wa mchungaji. Alipokuwa mdogo alimfuata baba yake akienda kuombea wagonjwa, akaona kwamba baada ya maombi mgonjwa anahitaji dawa pia. Akasomea udaktari. Alipofanya kazi Lemera aliona wamama wakifika wamechelewa na kuumia kwa kuzaa, ndipo akajifunza kazi ya kutunza wazazi. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi. Baba aliomba, mtoto akatibu, na Mungu ni mmoja.

4. MOYO ULIOFUNGUKA UNAFANYA NINI?

- Unaenda CPN mapema, mara tu mama anapojua ana mimba. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya la Dunia (OMS) linashauri mama aonane na waganga walau mara 8. Hapo anapimwa presha na damu, anapewa vidonge vya kuongeza damu, chanjo ya pepopunda, na kuanzia mwezi wa nne dawa ya kuzuia malaria.
- Unauliza. Mama amwambie mzalishaji hofu yake yote, hata ile anayoona ni ya kitoto.
- Unatayarisha: vikwembe safi, sabuni, beseni, nguo za mtoto, na akiba ya franka kidogo kidogo. Mume ajue mapema ni pikipiki ya nani, au ni vijana gani watabeba kipoyi usiku.
- Unachagua mwenzi. Mama mwenye mtu wa kumshika mkono na kumtia moyo wakati wa uchungu huzaa vyema kuliko aliyeachwa peke yake.
- Haungoji. Damu ikitoka, kichwa kikiuma sana na macho kuona giza, uso ukivimba, mwili ukishikwa na degedege, homa ikipanda, maji yakitoka kabla ya uchungu, mtoto akiacha kucheza, au uchungu ukipita saa 12, twende hospitali mara moja. Tutaomba tukiwa njiani.

Hatusemi kwamba mama mwenye moyo mweupe hatasikia maumivu. Katika Yohana mlango wa 16, Bwana mwenyewe anataja huzuni ya mwanamke anayezaa, kisha furaha yake. Tunasema tu kwamba asiyabebe maumivu hayo peke yake.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Katika mtaa wetu, ni mama gani mwenye mimba ambaye hajatembelewa na mtu mwezi huu?
2. Baba, unajua tarehe ya CPN ijayo ya mke wako?
3. Tutamjibu nini mzee atakayetaka kumwungamisha mama katika uchungu?

Mungu wa Elisabeti na Maria awafungulie wamama wetu njia, awape watoto wazima na nguvu ya kuwalea. Amina.